Figo ya Ndugu ni Hidaya, Si Deni

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, kisukari kimeingia katika nyumba nyingi. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya figo, hata mgonjwa akahitaji kusafishwa damu kwa mashine, aghalabu mara tatu kwa wiki. Hapo ndipo familia huanza kuulizana: nani atatoa figo?

Zipo nchi ambako mgonjwa hupandikizwa figo na kongosho kwa pamoja, ili mwili upate tena insulini yake. Upasuaji huo ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Lakini kongosho kwa kawaida hutoka kwa aliyekwisha kufariki. Hapa Tanzania, ambako upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017, figo hutolewa na jamaa aliye hai. Kwa hiyo mtihani umo ndani ya familia.

Wapo wanazuoni waliozuia jambo hili, kwa hoja kwamba mwili ni amana ya Allah na mja hana mamlaka ya kuugawa. Hata hivyo, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, liliruhusu kwa masharti: uhai wa mtoaji usitegemee kiungo hicho, atoe kwa hiari, faida izidi madhara, na kiungo kisiuzwe.

Tuzingatie kwamba kuruhusiwa si kuwajibishwa. Anayetoa kwa ikhlasi anatarajia ujira mkubwa. Asiyetoa hana dhambi. Lakini katika vikao vya ukoo, macho huelekezwa kwa asiye na sauti: kitinda mimba, dada asiyeolewa, yatima anayelelewa na ami yake. Huambiwa kuwa akikataa atakuwa amemuua ndugu yake. Hiyo ni dhulma. Ikiwa ukimya wa mwanamwali huhesabiwa idhini katika ndoa, tusiihamishie hukumu hiyo kwenye kisu cha daktari. Aulizwe faragha, na akikataa asitangazwe.

Tena, kisukari hutembea katika damu ya ukoo. Ndugu anayeonekana mzima leo huenda kesho akaihitaji figo ile aliyoitoa. Apimwe kwa makini, kwani sheria hairuhusu kuondoa madhara kwa mmoja kwa kuyahamishia kwa mwingine.

Nawe mgonjwa, fahamu kuwa figo peke yake haiponyi kisukari. Dawa za kuuzuia mwili usiikatae hunywewa maadamu figo hiyo inafanya kazi, na baadhi yake hupandisha sukari. Kuipuuza figo uliyopewa na nduguyo ni khiyana.

Bora zaidi ni kutofika huko. Mwenye kisukari apimwe figo zake kila mwaka, kwa mkojo na damu, na adhibiti sukari pamoja na shinikizo la damu. Hayo nayo ni haki ya ndugu zako juu yako, kabla hujawaomba viungo vyao.

Allah awaponye wagonjwa wetu na azilinde familia zetu na dhulma. Amin.

Wabillahi Tawfiq.