Jirani Ameondoka, Mgeni Yupo

Tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu mikataba ya kijeshi, wasomaji kadhaa walituuliza kwa nini jarida la Kericho na Bomet lijishughulishe na kambi zilizoko Nanyuki na Manda. Andikeni kuhusu bonasi, walisema. Andikeni kuhusu mashine za kuchuma majani chai zinazowanyima watu kazi. Mambo ya wanajeshi waachieni watu wa Laikipia na Lamu.

Hoja hiyo inanikera, nami naijibu kwa ramani. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi, ilikuwa ya Uganda. Leo twamcheka, lakini mpaka huo hakuubuni yeye. Hadi mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika Naivasha, na reli inayopita Kipkelion, Lumbwa ya zamani, ilitandikwa nchi hii ikihesabiwa kuwa Uganda. Kwa hesabu za Amin, kila shina la chai kutoka Londiani hadi Sotik lilikuwa lake. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walikataa kugusa mizigo ya Uganda. Juni mwaka huo Donald Rumsfeld, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alifika Nairobi kuzungumzia ndege za kivita za F-5. Julai, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe, manowari ya Marekani ilitia nanga Mombasa. Aliyekuwa akilindwa ni nani, kama si sisi?

Kwa hiyo hofu ya 1976 siibezi. Ilikuwa ya kweli, sawa na ile ya 1964, Somalia ilipokuwa ikidai Kaskazini Mashariki na askari wetu wenyewe wameasi Lanet, Kenyatta akakubali Waingereza wafunge kambi zao lakini waendelee kuja kufanya mazoezi. Ugomvi wangu uko kwenye yanayotokea hofu ikishapoa. Amin alitimuliwa Kampala Aprili 1979. Mkataba wa kuwaruhusu Wamarekani kutumia bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege vya Embakasi na Nanyuki ulifikiwa Juni 1980, macho yao yakiwa Iran na Afghanistan. Agosti mwaka uo huo wakaafikiana na Siad Barre wa Somalia kuhusu Berbera; yaani mlinzi wetu alikwenda kupanga kwa yule yule aliyekuwa akitudai ardhi. Serikali ya Barre nayo ikaanguka Januari 1991. Majirani wote wawili waliotutisha wameondoka, na wageni bado wapo.

Sisi wa huku tungekuwa wa kwanza kuliona hili. Mwaka 1905 Wakipsigis wa Sotik waliwavamia Wamaasai, wakachukua ng'ombe na mateka. Waingereza wakajitia waamuzi, wakaleta jeshi, wakaua watu kwa mamia. Ugomvi na Wamaasai ulikwisha zamani. Aliyekuja kuuamua hakurudi kwao: mwaka 1919 ekari 25,000 za Kericho ziligawiwa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, na ardhi ile ikaishia mikononi mwa makampuni ya chai. Huku tumezoea kusikia hati za miaka 999. Ilibidi ije katiba ya 2010 kuwapunguzia wageni hadi 99. Anayeuliza chai na askari wa kigeni vinahusiana wapi akaisome hati ya shamba analopakana nalo.

Pendekezo langu ni kwamba kila mkataba umtaje anayetutisha, na tishio hilo likiisha, mkataba nao uishe, mpaka Bunge liupigie kura upya. Kifungu cha 240 cha katiba tayari kinataka majeshi ya kigeni yaingie kwa idhini ya Bunge. Mkataba na Uingereza uliotiwa sahihi Julai 2021, wa miaka mitano, ulisubiri hadi 2023 kuidhinishwa, na mjadala ulikuwa zaidi juu ya makosa ya askari kuliko sababu ya wao kuwapo. Wanadiplomasia watasema kumtaja jirani ni kumchokoza. Mkataba wetu na Ethiopia wa 1963 ulielekezwa kwa Somalia, na Mogadishu ilijua fika. Ukimya ule haukumficha mtu jambo ila raia wa Kenya.

Katika kurasa zinazofuata, mwandishi wetu wa Nanyuki anaeleza moto wa Lolldaiga wa Machi 2021 na kesi ya Agnes Wanjiru, simwongezei neno. Makala ya Manda ni ndefu mno, ila sehemu inayohusu shambulizi la 5 Januari 2020 isirukwe. Ile ya Djibouti inasifu kodi ya dola milioni 63 kwa mwaka kutoka Marekani, kana kwamba kumpangisha mgeni kwa bei nzuri ni sawa na kujua atatoka lini. Nimeichapisha kwa sababu imeandikwa vizuri.

Tumewapelekea nakala wabunge wote wa kaunti zetu mbili. Majibu yao, yakija, tutayachapisha bila kupunguza neno.