Kiki, Jiji na Paka wa Stoo Yetu

Muhula uliopita nilichekwa bwenini kwa sababu ya kitabu. Wenzangu walikuwa wakisoma hadithi za majoka, panga na wafalme waliopinduliwa, nami nilikuwa kitandani nikisoma habari za msichana apelekaye vifurushi vya watu akiwa amepanda ufagio. Ati ni kitabu cha watoto! Nataka kujibu hapa, kwa kuwa bwenini sikupewa nafasi.

Kitabu chenyewe ni Kiki's Delivery Service, alichokiandika Bibi Eiko Kadono wa Ujapani mwaka 1985. Mwaka 1989 studio ya Ghibli ilikifanya filamu ya katuni, na mwaka 2018 Bibi Kadono alipewa Nishani ya Hans Christian Andersen. Kiki ni mtoto wa mchawi. Afikapo miaka 13 yampasa kuondoka kwao usiku wa mwezi mpevu, atafute mji usio na mchawi, akae huko mwaka mzima akijitafutia riziki. Uchawi aujuao ni mmoja tu, kuruka. Afika Koriko, mji wa kando ya bahari, hajulikani na mtu. Apewa mahali pa kulala katika stoo ya unga ya mwokaji mikate, na kazi yaanza. Basi. Hakuna vita. Jambo kubwa ni kama kifurushi kitafika, na kama watu wa mji watamzoea.

Lakini ni wangapi kati yetu waliofika hapa na sanduku la bati wakiwa na miaka hiyo hiyo 13, wakalala usiku wa kwanza bila kujua jina la aliye kitanda cha juu? Majoka sijayaona. Usiku ule nauona hata leo.

Naungama kwamba neno "mchawi" lilinikwaza. Kwetu si neno la mchezo. Limewafukuza wazee makwao, na wengine limewatoa roho. Kiki hamdhuru mtu. Nilimtafutia neno jingine nisilipate: mganga si yeye, jini si yeye. Kwa hiyo kurasa za kwanza nilizisoma kwa wasiwasi, hata nilipomzoea paka.

Huyo ni Jiji, paka mweusi aliyekua pamoja na Kiki, nao husemezana. Ni mwingi wa malalamiko. Siku moja Kiki apoteza paka wa kitambaa aliyetumwa kumpeleka kwa mtoto, na Jiji akalazimika kukaa kizimbani kimya, akijifanya ndiye yule wa kitambaa. Nilicheka hata mwalimu wa zamu akaja.

Hapo nikamkumbuka paka wetu, yule mweusi wa stoo ya unga. Hupigwa mawe. Wakubwa husema akikukatiza njia wakati wa mitihani utaanguka, na wadogo hufuata. Muhula huu ameonekana akichechemea mguu wa nyuma. Naye ndiye alindaye posho yetu na maharage dhidi ya panya, kazi ambayo jamaa zake wameishika tangu watu walipoanza kuweka nafaka ghalani. Huko Cyprus limefukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa na paka karibu naye, yapata miaka 9,500 iliyopita. Wenzetu Waislamu nao wamjua Abu Huraira, sahaba ambaye jina lake maana yake ni baba wa kijipaka.

Ajabu yangu ni kuwa walioniambia kitabu changu ni cha kitoto ndio hao hao wamwogopao paka kwa ajili ya mitihani. Asiyependa kusoma Kiki na asisome. Lakini nawaomba wakuu wa mabweni wakataze mawe, tena waseme waziwazi mbele ya wote, si kwa kunong'ona.

Mimi Jumamosi humpelekea vichwa vya samaki. Hajakubali kuguswa. Mwanzoni hakula mpaka nisimame hatua kumi; juzi zilikuwa nne.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu