West Coast Eagles, acheni kusingizia majeruhi

Kila West Coast Eagles wanapochapwa, jibu kutoka Perth ni lilelile: majeruhi. Wamefungwa na vinara wa ligi, majeruhi. Wamefungwa na wenzao wa mkiani, majeruhi. Tarehe 24 Juni 2023 walisafiri hadi Sydney wakapigwa pointi 205 kwa 34, tofauti ya pointi 171, na bado walijitokeza watu wazima na akili zao kutuambia tuihurumie klabu kwa sababu chumba cha matibabu kimejaa. Mimi huruma imeniisha. Klabu yenye wanachama zaidi ya laki moja, kocha kwa kila kiungo cha mwili na uwanja wa mazoezi unaoonewa wivu nchi nzima, haina haki ya kulia kama timu ya mchangani iliyokosa nauli.

Tuelewane kwanza kuhusu mchezo wenyewe, maana wanaotetea Eagles hupenda kuuzungumzia kana kwamba kuumia ni ajali ya nadra. Soka ya Australia, ambayo ligi yake kuu ni AFL, huchezwa na watu 18 kila upande, kwenye uwanja wa umbo la yai, kwa robo nne ambazo saa husimama mpira ukitoka, hivyo dakika 20 za karatasini hufika karibu 30 za saa ya ukutani. Hakuna kofia ngumu, hakuna pedi. Mtu anaruka kudaka mpira, goti la mwenzake linamfuata mgongoni. Mchezaji wa katikati hukimbia kilomita 12 na zaidi kwa mechi moja, na akishamaliza anapewa siku sita au saba kabla ya kurudia. Mechi ni 23 kabla hata ya kufika hatua ya mtoano. Hakuna klabu iliyowahi kupita katika kinu hicho na watu walewale iliyoanza nao. Kila kocha analijua hilo mwezi Machi kabla ya filimbi ya kwanza, na ndiyo maana orodha ya klabu ina wachezaji wapatao 40 na ushei.

Halafu kuna jambo ambalo shabiki wa Simba au Yanga atalishangaa: hakuna dirisha dogo la kwenda kununua beki mwezi Januari. Kuna kikomo cha mishahara kwa wote. Kuna drafti, mgawo wa vijana ambapo aliyemaliza mkiani huchagua kwanza. Kuna soko la kubadilishana wachezaji mwezi Oktoba, msimu ukishakwisha. Katikati ya msimu, tangu 2019, klabu yenye nafasi wazi inaweza kuokota mtu asiye kwenye orodha ya klabu yoyote kubwa, basi. Kwa hiyo upana wa kikosi haununuliwi siku ya shida. Huo unalimwa miaka mitatu kabla.

Na West Coast walijua kulima! Hapo ndipo hasira yangu inapozaliwa. Rudi Septemba 2018, fainali dhidi ya Collingwood, uwanja wa MCG umefurika. Nic Naitanui, mrefu wao anayeruka kupigania mpira mwamuzi anapouanzisha, alichana ligamenti ya goti Julai. Andrew Gaff, injini ya katikati, alifungiwa mechi nane kwa kumpiga ngumi Andrew Brayshaw wa Fremantle. Brad Sheppard, beki wa kutegemewa, aliumia msuli wa paja katika mechi ya kwanza ya mtoano. Nguzo tatu hazipo. Robo ya kwanza wakaachwa kwa pointi 29. Zikiwa zimebaki kama dakika mbili, wako nyuma kwa pointi mbili.

Itazame ile pasi kwa pasi. Jeremy McGovern anaruka nyuma na kuudaka mpira wa Collingwood. Huyu aliingia klabuni kupitia drafti ya wanagenzi, chaguo la 44, wakati wengine wote wameshampita. Anampelekea Nathan Vardy, mtu aliyetoka Geelong akiwa hana nafasi, na ambaye siku hiyo anaziba pengo la Naitanui. Vardy anausogeza mbele kwa Liam Ryan, aliyechukuliwa kutoka Subiaco, klabu ya ligi ya palepale Perth. Ryan anadaka, anampata Dom Sheed ukingoni kabisa mwa uwanja. Sheed mapema msimu ule alikuwa akiingia na kutoka kikosini. Kufungiwa kwa Gaff kulimfungulia mlango. Pembe ni finyu, mashabiki wa Collingwood wanamzomea masikioni. Anapiga. Goli, pointi sita. Matokeo ya mwisho: 79 kwa 74.

Mikono minne, na ukimtoa McGovern hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye mabango ya klabu mwezi Machi. Ubingwa uliletwa na watu wa akiba, na watu wa akiba walikuwepo kwa sababu kuna aliyejisumbua kwenda kuwatafuta kwenye viwanja vyenye watazamaji mia tatu.

Sasa niambieni walichofanya baada ya hapo. Oktoba 2019 walimtaka Tim Kelly wa Geelong, mchezaji mzuri sana, aliyekuwa ametoka kuteuliwa katika kikosi bora cha mwaka. Wakalipa furushi la machaguo ya drafti, likiwamo lao la kwanza la 2019 na la kwanza la 2020. Kelly alikuwa ametokea wapi kabla ya Geelong? South Fremantle, mwendo mfupi wa gari kutoka ofisi za Eagles. Geelong walivuka bara zima wakamchukua kwenye drafti ya 2017, chaguo la 24, akiwa kijana mkubwa wa miaka 23 ambaye wengine walidhani amechelewa. Mwaka huohuo Eagles walichagua mara mbili kabla ya hapo. Sawa, mmoja wao alikuwa Oscar Allen, na simlaumu mtu kwa Oscar Allen. Lakini miaka miwili baadaye kumlipia jirani yako bei ya mfalme, kwa kutumia vijana wa kesho ambao hata hujawaona! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa walikataa kuinama, wakaenda kukinunua dukani.

Kama hiyo haitoshi, mwaka uleule wa 2019 Richmond nao walifika South Fremantle. Walimchukua Marlion Pickett kwenye ile drafti ya katikati ya msimu, umri miaka 27, kidole kimevunjika. Wakamweka kwenye timu yao ya akiba inayocheza VFL, ligi ya daraja la chini. Hakucheza hata mechi moja ya timu kubwa msimu mzima. Akatwaa ubingwa wa VFL na kuwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Wiki ileile Jack Graham akawa ameumia bega, na Pickett akaanza maisha yake ya AFL kwenye fainali kuu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1952. Akafunga goli, na Richmond wakawachakaza GWS kwa pointi 89. Kumbuka Richmond hao walimpoteza Alex Rance, beki bora wa kizazi chake, katika mechi ya kwanza kabisa ya msimu. Hakuna aliyewasikia wakiimba wimbo wa majeruhi.

Eagles wao walishika njia ya majina. Wakongwe walioleta ubingwa wa 2018 wakabakizwa mwaka baada ya mwaka, kila mkataba mpya ukisindikizwa na maneno matamu kuhusu uzoefu. Mwaka 2020 wakatolewa na Collingwood kwa pointi moja, nyumbani. 2021 wakakosa mtoano. 2022 ushindi mara mbili tu, na kweli mwaka huo korona iliwalazimu kuita watu wa nje ya orodha, hilo nalikubali. 2023 ushindi mara tatu, mkiani kabisa, na mwisho wa msimu Naitanui, Luke Shuey na Shannon Hurn wakaaga kwa mpigo. Miaka mitano kutoka kombe hadi shimoni. Vijana wa miaka 22 hadi 25 ambao walipaswa kushika usukani hapo walikuwa wachache mno, kwa sababu machaguo ambayo yangewaleta yalishatumika dukani.

Watetezi wakiona kisingizio cha majeruhi hakiuzi, wanahamia kwenye umbali. Perth ni mbali, saa karibu nne angani hadi Melbourne, kila baada ya wiki mbili. Kweli kabisa. Ila Fremantle wanaishi mji huohuo, wanapanda ndege zilezile, na waliingia mtoano 2022, mwaka ambao Eagles walishinda mbili. Fremantle huwapeleka wachezaji wao wa akiba Peel Thunder, na Peel imetwaa ubingwa wa WAFL, ile ligi ya palepale Perth, 2016, 2017 na 2024. Eagles walikuwa na mpango kama huo na East Perth, wakauvunja, wakaanzisha timu yao wenyewe katika ligi hiyo mwaka 2019. Si wazo baya. Lakini timu hiyo iliburuza mkia wa WAFL 2022 na tena 2023, na hapo ndipo vijana walikuwa wakipelekwa kujifunza kazi. Watajifunza nini, kama kila Jumamosi wanazungukwa na watu waliookotwa kuziba namba, wanafungwa robo ya kwanza, na robo tatu zilizobaki wanakimbiza mpira wa wengine? Kijana anazoea kushindwa. Siku anaitwa timu kubwa, ameshafundishwa.

Ukitaka kuona kikosi kipana, tazama Brisbane 2024. Keidean Coleman, Lincoln McCarthy, Tom Doedee, wote magoti mwaka mmoja. Wakamaliza wa tano. Kwenye mechi ya mwisho kabla ya fainali kuu Oscar McInerney, mrefu wao wa katikati, bega likamtoka. Kwa fainali kuu wakamwita Darcy Fort, mtu aliyezoea kucheza na akiba, na timu haikubadili hata mpango mmoja kwa ajili yake. Aliingia, akaruka, akagongana, akafanya kazi ya nafasi ile kama inavyofanywa na klabu ile. Brisbane 120, Sydney 60.

Fort hakuwa na kipaji cha McInerney, na hakuhitaji. Wanaochora kikosi bora kila Februari na kutoa alama za nyota hawalioni hilo, na mimi nawalaumu karibu sawa na viongozi wa Eagles, kwa sababu wao ndio huwapigia makofi siku ya kununua jina kubwa.

Mwaka 2023 mkia uliwapa Eagles chaguo la kwanza, wakapata Harley Reid. Kijana ana nguvu za ajabu, anapiga mkono mtu anayemkaba kama anafukuza inzi. Mji mzima ukavaa jezi yake. Kisha 2024 wakaliachia chaguo la tatu kwenda Carlton, wakapata la 12 pamoja na Liam Baker na Matt Owies, na wakamsajili huyohuyo Jack Graham aliyempisha Pickett. Watu wa kazi, Baker hasa. Siwezi kusema ni usajili mbovu. Lakini 2025 ikaja na kocha mpya, Andrew McQualter, na katika mechi 23 wakashinda moja. Moja! Haijawahi kutokea katika historia ya klabu hiyo. Mwisho wa msimu hata Oscar Allen akafunga virago kwenda kwa mabingwa Brisbane.

Na mtu asiniambie tena wana bahati mbaya. Chaguo la kwanza la drafti likiingia mlangoni lisitoke, awe amekuja nani kuliomba, mpaka timu ile ya WAFL ianze kushinda. Wapelekeni skauti wenu wawili South Fremantle, Subiaco, Claremont na East Perth kila wikiendi, si kwa ajili ya watoto wa miaka 18 pekee, bali kwa fundi bomba wa miaka 24 anayecheza vizuri wiki ya tano mfululizo na hajapigiwa simu na mtu yeyote. Melbourne wanamfahamu tayari.