Mvivu, au Mgonjwa?

Wazazi wapenzi wa Ubwari, mtoto akikosa shule twamwita mvivu, na fimbo huchukuliwa upesi. Tumsikilize kwanza profesa mmoja wa elimu ya uchumi.

Michael Kremer, Mmarekani, alifundisha Kakamega, Kenya, alipokuwa kijana. Baadaye hakupenda kukisia kinachomfaa mwanafunzi, bali kupima. Tangu mwaka 1998, yeye na mwenzake Edward Miguel walifuata shule 75 za Busia. Shule zilipata dawa za minyoo kwa zamu, ili zenye dawa zilinganishwe na zinazongoja. Penye dawa, utoro ulipungua kwa robo. Ila alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2019 Kremer alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Watoto wetu nao huoga ziwani na hutembea miguu mitupu, na minyoo mingine hupenya ngozi. Basi, baba, kabla ya fimbo, mpeleke mwanao kituo cha afya. Dawa yaweza kumrudisha darasani. Kumfundisha kunabaki kazi ya mwalimu, na yako nyumbani. Mungu atatuuliza habari za yote mawili.