Bastola kubwa, akili ndogo?

Wiki hii nina ugomvi na nyie mnaokesha kwenye vibanda vya video. Mshikaji akishamwona Clint Eastwood kwenye ile sinema ya Dirty Harry ya mwaka 1971, basi, kesho yake anatembea kifua mbele utadhani naye ana Magnum kiunoni. Bwana mdogo, ile kitu unaijua lakini?

Nikupe darasa la bure. Risasi ya 44 Magnum ilitoka Marekani mwaka 1955. Kichwa chake kina upana wa karibu milimita 11, na uzito wa kama gramu 15 na nusu. Mwaka 2003 kampuni ya Smith & Wesson ikaona haitoshi, ikaleta Model 500: milimita 12.7, matundu matano tu, na ile yenye mtutu mrefu ina kilo 2 hivi. Ukiifyatua kwa mkono legelege, chuma kinakufuata usoni!

Risasi zenyewe ni ghali, ndiyo maana wenye nazo kule huokota maganda na kuyajaza upya nyumbani. Hapo ndipo penye somo. Baruti hupimwa kwenye mizani kwa greini, na greini 15 hazifiki hata gramu moja. Kila ganda hukaguliwa, maana likijazwa mara mbili bastola hupasuka. Anayejaza havuti sigara wala hapigi stori.

Sasa njoo kwetu Runazi, kule Biharamulo. Fundi wetu wa kujaza ni mwenye gobole. Baruti anaimimina kwenye mdomo wa mtutu, anashindilia kwa ufito. Kipimo? Jicho lake! Mtutu wenyewe ni bomba tu. Kuna mzee mmoja kule hukusalimia kwa mkono wa kushoto, na watoto wageni hudhani ana dharau. Gobole lilimpasukia akiwinda ngiri. Mwenyewe anasema, "Mjukuu wangu, nyama ilikwenda zake, vidole vikabaki porini."

Na jamani, kwetu silaha si mambo ya sinema. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Mapanga yaliachwa malundo pale mpakani. Miaka iliyofuata majambazi wenye bunduki walitesa barabara zetu, hadi mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi kwenye mapori ya Biharamulo. Ulikuwa unaagana na mama kama unakwenda vitani, kumbe unakwenda shule.

Kwa hiyo mtu akiniambia bunduki ndiyo uanaume, namwangalia tu. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 haijali kama ni Magnum au gobole la marehemu babu: bila leseni ni kosa, na kujiundia silaha au risasi bila kibali ni kosa vilevile.

Kama la babu bado liko darini, usilichezee wala usijaribu kulitoa baruti. Mwambie mzee wenu aende polisi kwanza, aulize utaratibu wa kulisalimisha. Wamewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha bila kushitakiwa.

Vidole ni kumi tu, mshikaji, na havina spea. Tukutane wiki ijayo.