Kompyuta Mpakato au ya Mezani: Mzigo wa Begani na Mali ya Tembeni

Kila msimu wa tumbaku na asali unapomalizika, wazazi wa hapa Tabora hutujia na swali moja. Kijana anataka kompyuta mpakato, na anadai kuwa itamtosha kwa masomo na kwa michezo pia. Je, ni kweli? Swali hili si dogo, kwani fedha inayoulizwa ni jasho la mwaka mzima.

Tuanze na nguvu. Mchezo mzito hutegemea zaidi kadi ya michoro, na kadi hiyo hula umeme na kutoa joto. Kadi ya NVIDIA iitwayo RTX 4090, ikiwa ndani ya kompyuta ya mezani, hupewa wati 450. Iliyo na jina hilo ndani ya mpakato haizidi wati 175. Jina ni moja, nguvu ni mbili. Mpakato ni mwembamba, hauna nafasi ya feni kubwa, na joto likizidi hujipunguzia kasi wenyewe ili usiungue. Basi katika jua la Oktoba, kijana akiuweka juu ya godoro ndani ya chandarua, ameuziba pumzi.

La pili ni matengenezo. Kompyuta ya mezani hubadilishwa kiungo kimoja kimoja: leo feni, mwakani kadi. Katika mpakato, kadi ya michoro kwa kawaida imechomelewa kwenye bodi. Ikifa, gharama yake hukaribia bei ya kifaa kizima.

Hata hivyo, insafu yataka tuutaje ubora wa mpakato. Umeme ukikatika, betri huiokoa kazi ya mwanafunzi, ingawa mchezo mzito ukitegemea betri hupungua kasi na kuimaliza upesi. Kompyuta ya mezani huhitaji kioo, kibodi na kifaa cha akiba ya umeme ambacho mafundi hukiita UPS. Mzazi avihesabu vyote kabla ya kusema kuwa ni rahisi. Tena aiangalie LUKU: kompyuta inayotumia wati 400, ikichezewa saa tano, imekula uniti mbili, mpakato wa wati 150 hauli hata uniti moja.

Wazee wetu wa Unyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, walijua kutenganisha mzigo wa begani na mali ya kuachwa tembeni. Mzigo wa begani ulipimwa kwa uwezo wa mpagazi, si kwa tamaa ya mwenye mali. Nasi tuulize kwanza: kifaa hiki kitasafiri, au kitakaa?

Kijana anayekwenda chuoni Dodoma au Dar es Salaam, atakayepanda treni na begi lake, anunuliwe mpakato, naye aridhike na michezo ya kadiri. Unaweza kushika nafasi ya kompyuta ya mezani kwa michezo mingi, ila kwa fedha ile ile nguvu yake huwa pungufu. Anayebaki nyumbani anunuliwe ya mezani. Kwa vyovyote, kijana aandike michezo anayoitaka, kisha asome mahitaji ambayo watengenezaji wake wameyataja. Kununua nguvu isiyotumika ni israfu.

Liko jambo moja zaidi ambalo muuzaji halitaji. Kompyuta ya mezani hukaa sebuleni, mama akipita anaona, na mdogo mtu hungoja zamu yake. Mpakato huingia chumbani, mlango ukafungwa, na saa za usiku hazina wa kuzihesabu. Anayenunua mpakato anunue pamoja nao makubaliano: saa ya kuuzima, na mahali utakapolala, ambapo pasiwe kitandani kwa kijana.

Wabillahi tawfiq.