Mastaa Wetu, Nyuklia Si Losheni ya Kung'arisha Ngozi

Majina sitaji, na wala hakuna haja. Mnawajua. Yule dada wa mitindo ambaye juzi tu alikuwa anatuuzia losheni, sasa kavaa kofia ya ujenzi, kapiga pozi, na anatuambia stima ya nyuklia ni salama "asilimia mia". Kama kalipwa hakusema. Kama hakulipwa hakusema. Haikupita siku mbili, mchekeshaji mmoja mwenye wafuasi kibao akamjibu na picha za kutisha, akadai nyuklia ikija Kenya tutazaa majini. Mashabiki wakagawanyika papo hapo, timu hii na timu ile, utadhani ni bifu la wasanii wawili wanaogombania shoo.

Mimi siko timu yoyote kati ya hizo mbili, na nina neno na wote wawili.

Nianze na mchekeshaji. Kaka, kutisha watu ni rahisi. Ukitaja Chernobyl kila mtu anatetemeka, lakini ni wangapi wanajua kilichotokea? Kinu namba 4 kililipuka usiku wa Aprili 26, 1986. Wafanyakazi wawili walikufa usiku uleule, na wengine 28, wengi wao wazimamoto na watu wa zamu, wakafa kwa mionzi katika miezi iliyofuata. Baadaye maelfu ya watoto walipata saratani ya tezi ya shingo, na wengi wao walitibiwa wakapona. Mwaka 2005 wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba vifo miongoni mwa waliopigwa zaidi na mionzi vingeweza kufika 4,000. Ni msiba mkubwa, hakuna anayekataa. Lakini ukipima kwa kiasi cha stima kinachozalishwa, moshi wa makaa ya mawe unaua mara mamia kuliko nyuklia, ila unaua polepole, mmoja mmoja, bila video ya kusambaza.

Na jingine. Mastaa hawahawa wakienda Cape Town kupiga picha na Table Mountain nyuma yao, sehemu ya stima inayochaji simu zao inatoka Koeberg, mtambo wa nyuklia ulio kilomita 30 hivi kutoka mjini. Unafanya kazi tangu 1984. Hakuna aliyerudi na jini.

Sasa usishangilie, dada wa kofia. Zamu yako imefika.

Hakuna kitu duniani kilicho salama asilimia mia, na watu wa nyuklia wenyewe, wale wanaojiheshimu, hawatamki maneno hayo. Usalama wa nyuklia si sifa ya kuzaliwa nayo kama rangi ya macho. Ni kazi ya kila siku, inafanywa na watu, na watu wanaweza kuifanya vizuri au kuiharibu. Ukitaka kujua inaharibikaje, rudi hukohuko Chernobyl, lakini safari hii usiangalie moto. Angalia midomo iliyofungwa.

Vinu vya aina ile vilikuwa na kasoro: ukibonyeza kitufe cha kuzima kwa dharura, katika hali fulani nguvu ilipanda kwanza kabla ya kushuka. Wakubwa walikuwa wameona dalili zake miaka kadhaa kabla. Waliokuwa zamu usiku ule hawakuwa wameambiwa ukweli wote. Asubuhi yake mji wa Pripyat, wenye watu karibu 49,000, uliamka kama kawaida na watoto wakaenda shule. Mabasi ya kuwahamisha yalifika kesho yake mchana. Dunia ilijua Aprili 28, na haikuambiwa na Moscow. Vipimo vya mtambo mmoja wa Sweden ndivyo vilivyoanza kulia kwa mionzi iliyoletwa na upepo, na jioni ya siku hiyo ndipo Moscow ikatoa tangazo fupi. Huku nyuma watoto walikuwa wanakunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye sumu. Ndiyo maana nikataja tezi za shingo. Saratani nyingi kati ya zile zingeepukika kwa tangazo moja la redioni: msinywe maziwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Utasema hao walikuwa Wasovieti, zama za siri. Haya, twende Japani, nchi ya treni zisizochelewa. Machi 11, 2011, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilileta tsunami. Fukushima Daiichi ilikuwa imejiandaa kwa wimbi la mita 5.7. Lililokuja lilikuwa la mita 14 hivi. Bahati mbaya? Ngoja kwanza. Mwaka 2008 hesabu za ndani za kampuni yenyewe zilikuwa zimeonyesha kwamba wimbi la zaidi ya mita 15 linawezekana. Hesabu zikawekwa kando. Mwaka 2012 tume iliyoundwa na bunge la Japani ikasema waziwazi kwamba janga lile lilisababishwa na binadamu, na kwamba serikali, kampuni na wadhibiti walikuwa wamelindana.

Wimbi lilelile lilipiga pia mtambo wa Onagawa, ambao ulikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko. Onagawa ilisimama. Waliojenga pale walikumbuka mawimbi ya zamani ya pwani ile, wakauweka mtambo mita 14 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mamia ya wanakijiji waliopoteza nyumba wakakimbilia hukohuko mtamboni kulala. Umesikia vizuri: siku ileile, pwani ileile, watu wanaukimbia mtambo mmoja na wanakimbilia ndani ya mwingine. Tofauti yao haikuwa nyuklia. Tofauti ilikuwa ni nani alisikiliza onyo na nani aliliweka kwenye droo.

Na mchekeshaji, usijifiche, hapa kuna lako pia. Fukushima, waliokufa kwa kuhamishwa vibaya, kwa kutolewa hospitalini haraka haraka na kwa msongo wa kuishi mbali na nyumbani, wamepita 2,000, wengi wao wazee. Mionzi yenyewe haikukaribia idadi hiyo. Hofu isiyo na mpango nayo inaua. Kwa hiyo ukichapisha picha ya uongo ili upate likes, usidhani unamlinda mtu.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo mambo yanapowasha. Kinu cha nyuklia hata kikizimwa kinaendelea kutoa joto kwa siku nyingi, na lazima kipozwe. Fukushima iliharibika kwa sababu stima ya nje ilikatika, kisha jenereta za akiba zikafunikwa na maji. Je, unakumbuka Agosti 25, 2023? Karibu Kenya nzima ilizama gizani. Abiria JKIA wakamulika kwa simu, kwa sababu jenereta ya akiba ya jengo moja la abiria iligoma kuwaka. Tulicheka, tukatengeneza meme, maisha yakaendelea. Uwanja wa ndege unaweza kukusamehe. Kinu hakisamehi. Ni kweli vinu vingi vipya vimeundwa vijipoze vyenyewe bila stima, vingine hadi saa 72. Lakini hata hivyo vinataka mtu wa kukagua, wa kujaza, wa kuandika ukweli kwenye daftari la zamu. Utamaduni wa "iko sawa, boss" wakati haiko sawa hauponi kwa sababu umenunua mtambo mpya.

Halafu kuna hesabu ambayo hakuna staa aliyeiposti. Mtambo uliokuwa ukitajwa kwa Kenya ni wa megawati 1,000. Matumizi yetu ya juu kabisa kwa nchi nzima ni megawati 2,000 na kitu. Wataalamu hushauri kinu kimoja kisizidi sehemu moja ya kumi ya gridi, kwa sababu kikizimika ghafla kitaivuta gridi yote chini. Na gridi ikilala, kinu chenyewe kimepoteza stima ya nje. Hilo ni swali la usalama hasa, tena halihitaji digrii kuliuliza.

Wapo walioliuliza mengi. Watu wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, wavuvi na akina mama wa pwani ile, waliandamana mwaka 2024 wakitaka kujua nini kinaletwa kwao. Walichopata ni polisi. Tangu 2025 mazungumzo yamehamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, na wavuvi wa huko wana haki ya majibu yaleyale. Hawaombi hisani. Mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria iko. Mamlaka ya kudhibiti nyuklia pia iko, kwa sheria ya 2019. Tunachotaka kuona ni kama ina meno ya kumng'ata anayeilisha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nauweka wazi ili msinisingizie. Nyuklia inaweza kuwa salama. Lakini nchi isiyoweza kumwambia mvuvi ukweli kabla ya kujenga, haitamwambia ukweli siku king'ora kitakapolia. Ripoti ya athari ya eneo iko wapi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji? Mpango wa kuhamisha watu ni upi, na mzee asiye na gari anapandia wapi? Mabaki ya mafuta yanayobaki na mionzi kwa maelfu ya miaka yatakaa wapi? Mdhibiti akisema "zima", nani ana uwezo wa kumpigia simu ampoze? Mpaka haya yajibiwe hadharani, mimi jibu langu ni hapana.

Najua tayari kuna mtu anaandika: "Blogu ya udaku inajua nini kuhusu nyuklia?" Rafiki, udaku ni kazi ya kuuliza nani kamlipa nani na kwa nini wananyamaza. Wangeuliza hivyo mapema kule Fukushima, pengine ukuta ungeongezwa mita kumi.

Na wewe dada wa kofia ya ujenzi, sikukatazi kula hela yako. Ila andika tu mstari mmoja chini ya picha: "Hili ni tangazo, nimelipwa." Ukishindwa na hilo dogo, usituambie chochote kuhusu usalama, kwa sababu umeshaanza kufanya kile kile kilichoangusha vinu vya wenzetu.

Haya, uwanja ni wenu hapo chini. Matusi peleka kwingine. Ukiwa unatoka Kilifi au Siaya, tuambie: umeshawahi kuona karatasi hata moja?